Mwisho Usiomo Kwenye Kaseti

Mzee Talib Msabah hanywi chai ya mtu. Ukimkaribisha kwako atakaa, ataulizia hali za watoto wako mmoja mmoja, na kikombe kikiletwa atakiinua mpaka karibu na pua, atakinusa kwa adabu kama mtu anayefurahia hiliki, kisha atakirudisha kwenye kisahani pale pale kilipotoka. Chai itapoa, itafanya utando, naye ataaga. Mtaa mzima wa Mpendae wanaijua tabia hiyo na wameshachoka kukasirika. Wapo watu walioumbwa na kinyaa chao, wanasema, na mtu hagombani na maumbile.

Kinyaa hicho kilimpa mkate kwa miaka thelathini na minne. Alikuwa mpima daraja katika ghala la karafuu. Kazi yenyewe ni kutia mkono guniani mpaka kwenye kiwiko, maana mkulima mjanja huweka nzuri juu na mbaya chini, kutoa konzi moja, kuimwaga juu ya meza nyeupe na kuchambua: karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vitupu, kule, na vijiti na vijiwe na kila uchafu aliotia binaadamu kuongeza uzito. Kisha atamke. Daraja la kwanza, la pili, la tatu. Wapo waliomlilia, wapo waliomletea kuku, na kuku walirudi walikotoka. Alipostaafu, upimaji akahama nao nyumbani. Alipima mkate wa kumimina, alipima salamu za watu, alipima hata waadhini wa misikiti mitatu ya jirani, ingawa hapo kwa kumcha Mungu alinyamaza na kukunja uso tu. Watoto wa mtaani wakampa jina: Daraja la Tatu. Ndilo alilolitoa zaidi maishani mwake.

Lakini hakuna alichokipima kwa ukali kama fidla.

Aliingia klabu ya taarabu akiwa na miaka ishirini na miwili, akawekwa safu ya pili, nyuma ya akodiani, na hapo akakaa miaka thelathini na moja. Anayejua taarabu anajua mambo ya kutunza. Beti likikugusa, unainuka mbele ya watu wote, unakwenda polepole kwa mwendo wa ngoma, noti umeishika kwa vidole viwili ionekane, unampa mwimbaji mkononi na kurudi kwako umeridhika, na aliyelengwa na beti ameshajijua. Miaka yote hiyo watunzaji walipita mbele ya Talib. Mabaibui yao yalimsugua upinde, manukato yao yalimwingia koo, na hakuna hata mmoja aliyesita mbele ya kiti chake. Fidla haitunzwi. Hutunzwa mdomo.

Na yeye mwenyewe hakupata kumtunza mtu. Mkewe, Bi Riyama, aliwahi kumuuliza kwa nini kila shughuli anakwenda na noti mpya kwenye mfuko wa kanzu na kila shughuli anarudi nayo.

"Nimtunze nani?" alimjibu. "Huyo wa kutunzwa bado sijamsikia."

"Basi utakufa nayo mfukoni, baba Arwa."

"Nife nayo. Itanizika."

Siku klabu ilipoleta kinanda cha umeme chenye fidla ndani yake, Talib alikisogelea, akabonyeza kitufe kimoja, akasikiliza. Akakifuta kidole chake kwenye kanzu. Akaenda zake nyumbani, akaiviringisha fidla yake ndani ya kanga kuukuu, akaiweka juu ya kabati, na klabuni hakurudi tena.

Kitu kimoja tu alikuwa hakukikuta na kasoro, nacho kilikuwa ndani ya kaseti.

Alikuwa kijana bado, hajamuoa Bi Riyama, alipokuwa akizungusha kitufe cha redio katika masafa mafupi akakuta idhaa ya ng'ambo ikimtaja mpiga fidla. Alirukia kaseti, akaitia, akabonyeza kitufe cha kurikodi, na mtangazaji alikuwa keshamaliza kusema jina la kipande. Kilichonaswa ni jina la mpigaji tu: Magda Kelen. Halafu fidla ikaanza, peke yake, bila ya kitu cha kuisaidia, na Talib akasahau kukaa. Alisimama wima nusu saa. Pale sauti ilipokuwa inateremka, moja, mbili, tatu, kaseti ikafanya ta! Upande umekwisha. Aliigeuza haraka, na alichokipata upande wa pili ni makofi ya watu waliokuwemo ukumbini huko kwao, kisha habari ya ulimwengu.

Miaka karibu arubaini Talib aliisikiliza kaseti ile mpaka kwenye ile ta. Aliyasikiliza makofi yale kwa masikio ya wivu. Wenzake wale waliusikia mwisho, wakapiga makofi wakaenda kulala, na yeye yumo Unguja na upande uliokwisha. Vijana wenye simu walimtafutia vipande vya Magda Kelen mpaka wakachoka. Alisikiliza kila kimoja kwa kiasi cha kupumua mara mbili, akaisukuma simu mbali. Kwanza hakikuwa chenyewe. Pili, fidla ndani ya simu, alisema, ni nzi ndani ya kopo.

Ndipo mwaka huu, wiki mbili baada ya mfungo, kadi ikaletwa nyumbani Mpendae. Klabu yake ya zamani ilikuwa imekumbuka wazee wa fidla. Magda Kelen, mwenye miaka sabini na minne, anapita Unguja na atapiga mara moja tu, saa kumi alasiri, katika ukumbi wa juu wa nyumba moja kongwe ya Mji Mkongwe inayotazama bahari. Talib aliisoma kadi mara mbili, akaitia mfukoni, akaitoa, akaisoma tena. Kanzu yake aliipiga pasi mwenyewe. Bi Riyama alimuona akichagua noti nyekundu isiyokunjwa, akaitia mfuko wa kifuani, na kwa mara ya kwanza hakumtania.

Saa kumi kasorobo alikwishakaa safu ya tatu, na kuanzia hapo roho ikaanza kumchafuka.

Kwanza harufu. Watayarishaji walipitisha sambusa ndani ya ukumbi, ndani ya ukumbi! zilizokaangwa kwa mafuta yaliyokwishakaangia samaki, na watu wakazila hapo hapo na kufutia vidole vitambaa vya viti. Mbele yake alikaa bwana mmoja mnene wa suti ambaye aliikunja kadi yenye jina la Magda Kelen akaanza kuchokolea nayo meno, na kila alichokitoa alikitazama kabla ya kukirejesha. Upande wa kulia, mgeni mmoja wa mahoteli ya Kiwengwa alikuwa amekuja na kaptula mbichi ya baharini, kavua viatu, kapandisha miguu juu ya kiti cha mbele, na katikati ya vidole mchanga umemganda. Talib aliutazama mchanga ule muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Mgeni rasmi alichelewa saa nzima. Alipofika alihutubia dakika ishirini juu ya utalii, uchumi wa buluu na maegesho ya magari, na neno fidla halikumtoka. Wakampigia makofi. Hao hao, Talib aliwaza, ndio walioletewa sauti ambayo yeye ameingojea tangu nywele zake nyeusi. Karafuu ya daraja la kwanza imemwagiwa kuku.

Magda Kelen akatoka. Bibi mfupi, nywele nyeupe zilizokatwa, viatu bapa, sweta jeusi lililochakaa kwenye viwiko. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba. Hakutabasamu na hakumshukuru mtu. Aliitia fidla chini ya kidevu akaanza kuzilinganisha nyuzi, na kwa kulinganisha kule tu, kabla hajapiga lolote, Talib alihisi machozi. Nyuzi mbili zilikutana mahali pake hasa, na ukumbi mzima, na sambusa zake, ukawa safi kwa kiasi cha pumzi moja.

Halafu simu ya mtu ikalia kwa kaswida.

Alipiga kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Talib alitia mkono mpaka chini ya gunia. Alitafuta pale upinde unapogeuka, ambapo kila mpiga fidla huacha kijikwaruzo, hakukuta. Alitafuta sauti za juu, ambapo vidole vya kizee huteleza, hakukuta. Maisha yake yote alikuwa anatafuta konyo na leo hakuna hata moja. Lakini kila alipoanza kufurahi alisikia kijiko, alisikia kicheko, alisikia yule wa suti akinyonya jino, na kando yake, kushoto, mkono wa mwanamke uliinuka ukiwa na simu inayowaka.

"Bibie," alisema kwa kunong'ona, "kishushe hicho kigae."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kishushe. Unatia nuru ya choo ukumbini."

"Nnamrikodia mama. Mgonjwa, hakuweza kupanda ngazi. Yeye anapenda fidla."

"Mama yako atamsikia nzi ndani ya kopo."

Mwanamke alimgeukia. Alikuwa wa miaka thelathini na kidogo, na jicho lake halikumuogopa mtu. "Basi atamsikia nzi, Mzee wangu. Wewe umeletewa kadi ya kiti kimoja tu, hukuletewa ukumbi." Na mkono haukushuka.

Talib alimgeuzia bega. Katika moyo wake alimpa daraja, na si la kwanza.

Kisha mshereheshaji akapanda. Bibi Kelen, alisema, atamalizia na kipande alichotungiwa na mwalimu wake kabla ya kufariki. Hajapata kukirekodi na amesema hatakirekodi. Hukipiga mbele ya watu tu. Magda Kelen akafumba macho, upinde ukagusa uzi, na Talib Msabah akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Ndicho. Sauti nne za mwanzo zilitosha. Kitu alichokijua ndani ya mkwaruzo wa redio na upepo wa masafa mafupi kikasimama mbele yake kimeoshwa. Hakusikia tena kijiko wala jino. Alikwenda nacho hatua kwa hatua, anajua kila pembe, anajua pale kinapopanda na pale kinaposita kama mtu aliyesahau funguo. Alijua pia kwamba hakitapatikana popote zaidi ya hapa, na kwamba hii ndiyo mara yake moja. Kikafika pale. Sauti ikaanza kuteremka. Moja. Mbili. Tatu. Mwili wake wote ulijikaza kuingojea ile ta, maana kwa miaka arubaini ta ilikuwa ni sehemu ya kipande.

Ta haikuja. Ikaja sauti ya nne.

Ikaja ya tano, nyembamba, inateremka bado, inaingia mahali ambapo Talib hakuwahi kukanyaga. Na Talib akajikuta amesimama. Hakukusudia. Vidole viwili vimeshaingia mfuko wa kifuani, noti nyekundu imeshatoka, imeinuliwa juu, miguu inakwenda mwendo wa kutunza, polepole, bega hili na bega lile, kwenye njia ya katikati ya viti. Yule aliyekuwa akimngojea tangu ujana amemsikia, na fidla leo itatunzwa. Alipita mbele ya meno ya yule bwana, alipita mbele ya ule mchanga, akapanda kipandio. Mikono ya bibi ilikuwa na kazi, basi noti akamlazia begani, juu ya sweta, kwa adabu yote. Magda Kelen alifumbua jicho moja, akamtazama, akalifumba. Upinde haukusita.

Lakini nyuma kulikwishaharibika. Kutunza Unguja huambukiza kama miayo. Wanawake wa klabu walikuwa wameshainuka, watatu, wanne, noti juu, vigelegele vinapasua dari. Nyuma yao wanaume, nyuma yao wageni wa Kiwengwa wanaodhani hiyo ndiyo sehemu ya kucheza. Mlinzi akamshika Talib kiwiko. Katika kelele ile aliuona upinde unakwenda taratibu mpaka kwenye ncha, unasimama, unanyanyuliwa. Kipande kimekwisha. Aliuona mwisho kwa macho. Kilichomfikia masikioni ni makofi.

Bibi aliichukua noti begani, akaiweka kifuani, akamwinamia. Watu wakacheka, wakampigia makofi na yeye, mgeni rasmi akamnyanyulia kidole gumba. Talib aliteremka kipandio bila ya kumtazama mtu.

Nyumbani hakula. "Wanawake wale," alimwambia mkewe, "wanawake wale hawana haya. Mtu anamtunza mtu kwa heshima zake, kimya kimya, wao wanatoka kama wanafukuza kunguru. Wameniua, mama Arwa. Wameula mwisho wangu."

"Nani aliyeinuka mwanzo?" Bi Riyama aliuliza.

"Mimi nilikwenda kimya. Sauti sikuitoa."

Bi Riyama alimtazama kidogo, akakusanya sahani. "Huyo bibie uliyenihadithia umemgombeza, wa simu, mrefu, jicho kavu? Huyo si Nusrat, mwenye duka la mabaibui Mkunazini? Kama kamrikodia mama yake, basi karikodi mpaka mwisho."

Talib alikwenda kulala. Lakini asubuhi alivaa kanzu ile ile.

Nusrat alikuwa anatundika mabaibui mlangoni alipomuona. Hakumsuta, na hilo lilimuumiza Talib zaidi kuliko kusutwa. Alimwamkia, akampa kiti, akamimina chai kutoka chupa iliyokuwa sakafuni, kwenye kikombe chenye alama ya mdomo wa mtu ukingoni. Talib aliiona alama ile. Alikiinua kikombe, hakukinusa, akanywa mpaka chini. Ilikuwa tamu mno na ya vuguvugu.

"Nimekuja kumsikiliza nzi," alisema.

Nusrat aliiweka simu juu ya kioo cha meza na kuisogeza mbele mpaka mahali penyewe. Moja, mbili, tatu. Ya nne. Ya tano. Talib aliinama mpaka ndevu zikagusa kioo. Hapo likaingia jambo jingine: sauti ya mwanamme, ya kizee, kavu, karibu kabisa na simu, inayokwaruza kama mlango wa ghala.

"Allah! Allah! Ndiye huyu! Mtunzeni! Jamani inukeni mumtunze!"

Ilikuwa inakwenda mbali kidogo kidogo, kuelekea mbele, haikunyamaza, mtunzeni, mtunzeni, na baada ya mara ya tatu ndipo kigelegele cha kwanza kikaitikia. Fidla ilikuwa chini ya hayo yote mahali fulani. Haikusikika.

"Nani huyo?" Talib aliuliza.

Nusrat alikunja baibui lililokuwa limekwishakunjwa. "Ni wewe, Mzee."

Talib alikuwa anaijua sauti ile. Ndiyo iliyotamka daraja la tatu miaka thelathini na minne, na hakupata kuisikia kutoka nje. Ilimtia kinyaa mpaka kwenye meno. Hao wengine wote, na sambusa zao na mchanga wao, walikuwa wamekaa kimya katika ile sauti ya tano. Simu ilithibitisha. Hata yule wa suti.

"Makonyo," alisema. "Makonyo matupu. Irudishe."

Nusrat aliirudisha. Talib alifumba macho, na vidole vyake vya kulia vikaanza kwenda juu ya kioo, huku na kule, kama vinachambua konzi. Nusrat akairudisha mara ya pili, ya tatu, ya nne. Mteja aliingia, akaulizia bei, akatoka.

"Labda kwa hizi utasikia vizuri," Nusrat alisema, akavua shingoni mwake vile vidude vya kusikilizia alivyokuwa amevining'iniza tangu asubuhi. Akaona aibu, akavirudisha nyuma. "Ngoja nivifute, Mzee. Kimoja kina uchafu."

Talib aliviona. Kimoja kilikuwa na nta ya sikio, ya manjano, imeganda kwenye vitundu. Alivichukua mkononi mwake kabla havijafutwa, akavitia masikioni, akavikandamiza mpaka ndani.

"Irudishe," alisema.

Ilisikika vizuri zaidi, kama alivyoahidiwa. Sauti yake mwenyewe ilimjia karibu kuliko mwanzo.